Maswali Yenu Kuhusu Nyumba ya Picha za Matisse

Katika toleo lililopita nilisimulia siku niliyoingia jumba la makumbusho la Barnes, mjini Philadelphia, Marekani. Nilikuwa nimekwenda kumwona binti yangu, ambaye ni muuguzi huko, naye akaniuliza ningependa kutembezwa wapi. Nikamwambia: nipeleke kwa Matisse. Miaka ishirini na saba nilifundisha sanaa katika shule za Kakamega na Kisumu, nikichora ubaoni kwa chaki picha za mchoraji huyu Mfaransa, Henri Matisse, picha ambazo mimi mwenyewe nilizijua vitabuni tu, nyingine zikiwa nyeusi na nyeupe. Makala ile imeleta barua nyingi kuliko yoyote niliyowahi kuandika humu. Leo nazijibu baadhi.

*Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Mimi huchora matatu, huu ni mwaka wangu wa sita. Ulisema daktari mmoja alikusanya picha 59 za Matisse. Alikuwa nani huyo, pesa alitoa wapi, na mtu anatafuta nini kwa kununua picha 59 za mchoraji mmoja? Si angechukua tatu zile kali akatosheka?*

Kijana wangu, nianze na pesa, maana zina hadithi.

Albert Barnes alizaliwa Philadelphia mwaka 1872, katika mtaa wa watu wa kipato kidogo. Baba yake alifanya kazi ya buchani. Alisomea udaktari akahitimu mwaka 1892, lakini hakufungua zahanati. Aliingia katika utengenezaji wa dawa, na mwaka 1902 yeye na mkemia Mjerumani, Hermann Hille, walianza kuuza dawa iliyotengenezwa kwa madini ya fedha, waliyoiita Argyrol. Ilitiwa machoni mwa watoto wachanga ili wasipofuke kwa kisonono walichokipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Mama yeyote aliyejifungulia hospitali hapa kwetu anamkumbuka muuguzi akimpaka mtoto dawa ya macho kabla hajamkabidhi kifuani. Ni kazi ileile, dawa tu ndiyo imebadilika. Kwa hiyo picha zile zilinunuliwa kwa pesa za macho. Binti yangu aliponikumbusha hilo tukiwa tumesimama mle ndani, nilikaa kimya muda mrefu.

Mwaka 1912 Barnes alimpa rafiki yake wa shuleni, mchoraji William Glackens, dola 20,000 aende Paris kumchagulia picha. Kabla ya mwaka kwisha akaenda mwenyewe, akafika nyumbani kwa Leo na Gertrude Stein, ndugu wawili Wamarekani waliokuwa wakinunua picha za Matisse wakati wengi wakizicheka. Hapo ndipo alipopata za kwanza. Alizokusanya alizitundika hata kiwandani. Wafanyakazi wake, Weusi na Weupe pamoja, walitengewa saa mbili katika siku ya kazi ya saa nane, wakasoma vitabu na kujadili picha zilizokuwa ukutani mbele yao. Mwaka 1922 akasajili taasisi, na mwaka 1925 jumba lake likafunguliwa Merion, nje kidogo ya jiji. Aliliita shule, na wanaoliita makumbusho aliwasahihisha.

Sasa swali lako lenyewe. Ukinionyesha matatu moja uliyoichora, nitaona matatu. Ukinionyesha hamsini na tisa, tangu ile ya mwaka wa kwanza mkono ukitetemeka hadi ya jana, nitakuona wewe. Nitaijua rangi unayoikimbilia ukichoka. Nitajua ni lini ulijifunza kuacha nafasi bila kuijaza. Barnes alinunua ili amwone mtu akibadilika.

Na Matisse alibadilika kweli. Kuna picha ya bahari ikionekana kutoka Collioure, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa, ya mwaka 1906, ambayo miti yake haina rangi ya mti wowote ninaoujua, lakini joto lake nalijua, ni joto la saa nane mchana. Kuna ya mwaka 1907, ya mwanamke aliyejifunga kilemba chekundu. Huyo ni mkewe, Amélie, na kilemba kile angeweza kukifunga mama yeyote wa huku akienda kanisani. Kuna mtu wa Rif, kule Moroko, ameketi na joho lake, picha ya mwaka 1912 kuingia 1913, ndefu kuliko mimi, uso wake una mabaka ya kijani na njano, na bado ni uso wa mtu anayekusikiliza. Halafu unakuta ile ya mwaka 1917, familia ya Matisse nyumbani: mwana mmoja anasoma na sigara yake, mwingine yuko kwenye piano na dada yake, mama anashona nje bustanini. Picha tulivu kabisa. Ungeambiwa ni ya mchoraji mwingine ungekubali. Ndiyo maana tatu hazitoshi.

*Mwalimu, mimi ni fundi cherehani soko la Kibuye. Uligusia tu kwamba Matisse alikosea vipimo vya picha kubwa ya Barnes akaianza upya, kisha ukapita. Uliniacha na kiu. Alikoseaje? Mimi nikikosea kipimo cha gauni la bibi harusi, kitambaa kinakuwa juu yangu.*

Fundi, ningeweza kukujibu wewe peke yako leo nikaziacha barua nyingine, kwa sababu mtu huyu alikuwa wa ukoo wako. Matisse alizaliwa mwaka 1869 Le Cateau-Cambrésis, kaskazini mwa Ufaransa, akakulia Bohain, mji wa wafumaji. Maisha yake yote alihama na masanduku ya vitambaa, na ukitazama picha zake utaona pazia, zulia na kitambaa cha meza vimepewa heshima sawa na watu. Kwanza alikuwa karani wa wakili. Aliugua akiwa na miaka ishirini, mama yake akamletea kisanduku cha rangi kitandani, na ukarani ukaishia hapo.

Mwaka 1930 alifika Merion. Ukumbi mkubwa wa Barnes ulikuwa na milango mitatu mirefu ya kioo, na juu ya milango kulikuwa na matao matatu, kila moja mfano wa nusu mwezi, yamegawanywa na ncha za dari zinazoshuka kati yao. Barnes akamwomba ayajaze matao hayo kwa dola 30,000. Mada waliyokubaliana ni ngoma, watu wakicheza.

Matisse alirudi mjini Nice, kusini mwa Ufaransa, akakodi gereji tupu, maana kazi ilikuwa na upana wa kama mita 13 na haikuingia katika chumba chake. Alifunga mkaa wa kuchorea kwenye ncha ya mwanzi mrefu, akachora amesimama chini. Mchoro ulikubali. Rangi zikakataa. Kila alipobadili mawazo ilibidi apake upya eneo la ukubwa wa ukuta, angoje likauke, aone hajaridhika, arudie. Ndipo akafanya jambo ambalo wewe unalifanya kila Jumatatu asubuhi. Alimtafuta mtu wa kumpakia karatasi rangi alizozitaka: waridi, buluu, nyeusi, kijivu. Kisha akachukua makasi, akakata maumbo, akayabana kwa pini juu ya mchoro. Umbo halikai sawa? Anachomoa pini, anasogeza, anapunguza pindo, anabana tena. Kila hatua ilipigwa picha. Amefanya hivyo miezi na miezi, Matisse, mtu wa miaka zaidi ya sitini, na makasi mkononi kama wewe na karatasi yako ya kaki.

Mwanzoni mwa mwaka 1932 ikagundulika kwamba vipimo vilikuwa na kosa. Zile sehemu za kati, zinazotenganisha tao na tao, zilikuwa zimehesabiwa nyembamba kuliko zilivyo ukutani. Kazi ya mwaka mzima isingekaa mahali pake.

Hapo nisimame nikueleze langu. Niliwahi kuchora picha ya ukumbi wa shule kwa ajili ya sherehe ya jubilii, juu ya mbao za plaiwudi, wasichana wakibeba mitungi kutoka mtoni. Nilipima ukuta kwa rula ya mbao ya darasani, siku ya mvua, nikiwa na haraka. Siku ya kutundika, upande wa kulia ulipungua kwa upana wa mikono miwili. Sikuwa na pesa za mbao nyingine wala ujasiri wa kuanza upya. Niliunga. Nilichonga kipande, nikakipachika, nikapaka rangi ya nyasi juu ya kiungo. Kwa miaka yote picha ile ilipokuwa pale, sikuwahi kuona wasichana, niliona kiungo. Hata nilipostaafu bado kilikuwa kinaniuma.

Matisse hakuunga. Alijua akinyoosha tu zile sehemu za kati, miili ingelegea, maana alikuwa ameipanga kila mguu kulingana na kila tao. Akaanza upya, ngoma nyingine yenye miruko mingine. Akaimaliza, na mwezi Mei 1933 akaipeleka Merion yeye mwenyewe, ikapachikwa mbele yake. Ile yenye vipimo vya kwanza haikupotea. Hiyo nayo aliimaliza, na leo iko katika jumba la sanaa ya kisasa la jiji la Paris.

Nilipofika chini ya ngoma ya Barnes, jambo la kwanza nililotafuta, nakwambia kweli, ni kiungo. Nilitafuta mahali alipolazimisha. Nikaona kichwa kimekatwa na ukingo wa tao, mkono umetoka upande huu na kupotelea nyuma ya ncha ya dari, kisha jicho langu lenyewe likaruka ng'ambo kuutafuta. Watu ni wa kijivu, nyuma yao kuna mistari mipana ya waridi, buluu na nyeusi iliyolala mshazari. Hakuna nyuso. Zile sehemu za kati zilizomsumbua ndizo zinazoisukuma ngoma, kwa sababu mchezaji anaonekana kupita nyuma yake na kutokea tena. Lile kosa la vipimo ndilo lililomlazimisha kuzitumia.

Na makasi hayakuishia hapo. Mwaka 1941 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, na baada ya hapo muda mwingi alikuwa wa kitanda na kiti cha magurudumu. Alirudia karatasi zilizopakwa rangi, safari hii si kama pateni ya kujaribia, bali kama picha yenyewe. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi hadi alipofariki mwaka 1954. Fundi, siku ukipumzika jioni, kusanya vipande vilivyobaki sakafuni, vya kitenge na vya bitana, uvipange juu ya meza kabla ya kuvifagia. Sitaki uvishone. Vipange tu, uvitazame.

*Kwa nini ukutani hakuna maelezo? Uliandika kwamba hakuna karatasi inayosema picha ni ya mwaka gani wala inahusu nini. Mgeni atajuaje?* (Mwanafunzi wa chuo, Kisumu)

Atatazama. Ndivyo Barnes alivyotaka, na nakubaliana naye karibu kabisa. Kwenye fremu kuna jina la mchoraji, basi. Kuta zimevishwa kitambaa cha rangi ya gunia, na kati ya picha kuna vyuma: bawaba, vitasa, funguo, miiko na pawa za zamani. Nilimwona mzee mmoja akishangaa mbona kuna bawaba juu ya picha ya thamani kubwa hivyo. Nikatazama na mimi. Mkunjo wa chuma ulikuwa uleule wa bega la mwanamke katika picha iliyokuwa chini yake. Mhunzi asiyejulikana na mchoraji anayejulikana duniani kote, mkono mmoja. Maelezo yangeandikwa pale, ningesoma na kupita.

*Mwalimu, mimi ni mchonga vinyago Vihiga. Nimesikia hao wachoraji wa Ufaransa walichukua mitindo kutoka vinyago vyetu. Je, huko kwa Barnes umeviona? Ni vya kwetu?*

Nimeviona, ndugu, na viko vingi, zaidi ya mia. Vingi Barnes alivipata katika miaka ya 1920 kupitia Paul Guillaume, mwuzaji wa sanaa wa Paris, na asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati: Mali, Côte d'Ivoire, Gaboni, Kongo. Vilifika Ufaransa kwa njia za ukoloni, na hakuna sababu ya kulifunika jambo hilo.

Hilo la mitindo ni kweli. Katika mwaka 1906 Matisse alipita mtaa wa Rennes, Paris, akaingia katika duka la vitu vya mbali, akanunua kinyago kidogo cha mtu aliyeketi, kazi ya Wavili wa Kongo. Akaenda nacho nyumbani kwa Gertrude Stein, na mchoraji mwenzake, Picasso, akakiona siku hiyo. Wote wawili walikigeuzageuza mikononi. Walichokiona ni kile ambacho wewe unakijua tangu ulipoanza kushika tezo: mchongaji hanakili nyama, anauliza mti unataka nini. Kichwa kinaweza kuwa theluthi ya mwili kama uzito uko pale.

Barnes alikuwa na heshima ya kweli kwa kazi hizo. Aliziweka katika vyumba vilevile vya picha, wakati ambapo majumba mengi yaliziweka pamoja na mifupa na wadudu, akatoa na kitabu juu yake. Hata nje, mlangoni kule Merion, mapambo ya vigae yalifuata michongo ya Afrika. Lakini niliposimama mbele ya kabati la kioo lenye vinyago hivyo, jambo lililonichoma ni kwamba Matisse ana jina kwenye fremu na mchongaji hana. Mtu yule alikuwa na jina. Mama yake aliliita jioni arudi nyumbani. Wewe, tafadhali, chonga jina lako chini ya kigoda, na mwaka pia.

*Mwalimu, naandika kutoka Kitale. Marehemu baba alituachia chumba kizima cha vitu: vibuyu vya maziwa, ngao, vigoda, redio za zamani, picha za harusi za kijiji kizima. Aliandika kwamba kisiuzwe kitu wala kisisogezwe mahali alipokiweka. Kaka zangu wanataka kugawana na kuuza. Ulitaja kwamba Barnes naye aliacha masharti kama hayo. Yalifuatwa?*

Dada, pole kwa msiba na kwa haya yanayoufuata.

Masharti ya Barnes yalikuwa makali kuliko ya baba yako. Baada ya kufa kwake picha zisiuzwe, zisiazimwe, zisisogezwe hata moja kutoka mahali zilipotundikwa. Hata kuchapisha picha za rangi za mkusanyiko wake alikataza, ndiyo maana vizazi kadhaa viliijua kazi mojawapo mashuhuri zaidi ya Matisse kwa rangi nyeusi na nyeupe tu. Alikufa kwa ajali ya gari mwezi Julai 1951. Uteuzi wa wadhamini wengi aliukabidhi Chuo Kikuu cha Lincoln, chuo cha Wamarekani Weusi kilichoko Pennsylvania, jambo ambalo matajiri wa jiji hawakulitarajia.

Lakini Barnes alizifunga picha kwa minyororo na pesa akazifunga pia. Aliagiza ziwekezwe mahali salama tu, penye faida ndogo. Gharama za paa, walinzi na mawakili zikapanda, faida ikabaki palepale. Mwaka 1961, baada ya kesi, milango ikafunguliwa kwa umma siku chache za wiki. Kati ya 1993 na 1995 baadhi ya picha zikazungushwa nchi mbalimbali kutafuta pesa za ukarabati. Hatimaye mwaka 2004 jaji aliruhusu mkusanyiko wote uhamie katikati ya Philadelphia, na bodi ya wadhamini ikaongezwa kutoka watu 5 hadi 15. Jumba jipya lilifunguliwa mwaka 2012. Kuna watu hadi leo wanaoita hilo wizi wa wosia.

Mimi nilikwenda nikiwa upande wao. Nimetoka nimelegea kidogo. Vyumba vimejengwa upya kwa vipimo vilevile, kila picha imerudi kando ya jirani yake wa zamani, bawaba juu, kasha chini, na ngoma ya Matisse iko juu ya milango yake mitatu. Nyumba ilihama na ujirani ukabaki. Kama Barnes angeulizwa achague kimoja, nadhani angeuchagua ujirani.

Kwa hiyo, dada, wosia wa baba yako. Angalia kwanza kama uliandikwa na kushuhudiwa na watu wawili, kwa sababu hapa Kenya bila hao wawili utapata shida mahakamani, na umtafute wakili wa mirathi kabla ya kikao cha ukoo, si baada yake. Pili, kabla ya mtu yeyote kugusa kitu, piga picha kila ukuta na kila rafu, kisha andika katika daftari kila kitu kilitoka kwa nani na kinakaa kando ya kipi. Baba aliweka kile kibuyu karibu na ile redio kwa sababu anayoijua. Muulize mama, waulize wazee wenzake, kabla hawajamfuata.

Tatu, uko Kitale, na mfano uko hapo mjini kwako. Jumba la makumbusho la Kitale lilianza mwaka 1926 kama mkusanyiko wa mtu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa vipepeo na vitu vya asili. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa mkusanyiko wake, vitabu vyake, na fedha za kujengea nyumba ya kuvihifadhi, na jengo likafunguliwa 1974. Tazama alichofanya ambacho Barnes hakukifanya: vitu vilikwenda pamoja na pesa za kuvitunza, na hakuna aliyefungwa mikono. Nenda pale na daftari lako. Uombe kuonana na wanaotunza vitu, uwaulize hata namna ya kuzuia mchwa na unyevu. Kaka zako wakiona chumba kina orodha na kina watu wanaokiulizia, huenda wakakitazama kwa jicho jingine. Na kama lazima wagawane, wasivunje rafu. Mmoja achukue ukuta mzima.

*Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzako Maseno. Tulichora ukuta wa shule miaka mitatu iliyopita na rangi ya njano imekufa kabisa, lakini buluu bado iko. Je, na picha za wakubwa kama Matisse hufifia, au rangi zao ni tofauti?*

Hufifia, mwenzangu, na njano ndiyo mfano wenyewe.

Ile kazi mashuhuri niliyoitaja hapo juu, ambayo watu waliijua bila rangi kwa miaka mingi, jina lake la Kifaransa ni Le Bonheur de vivre, yaani furaha ya kuishi. Matisse aliichora kati ya 1905 na 1906, karibu mita mbili na nusu kwa upana. Ni uwanda kati ya miti, watu wamejilaza, mmoja anapiga filimbi, na mbali kabisa, wadogo, watu sita wameshikana mikono wakicheza kwa duara. Duara lile ndilo alilolipanua baadaye kwa mteja wake wa Moscow, Sergei Shchukin, mfanyabiashara wa vitambaa, katika picha ya mwaka 1910 iliyoko sasa Saint Petersburg, na ndilo lililozaa ngoma ya Barnes. Kule Merion picha hii ilitundikwa kwenye ngazi, unaikuta ukipanda.

Nilikuwa nimejiandaa kuona njano inayowaka chini ya wale wanawake wawili waliolala katikati. Nilikuta rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa mengi. Sehemu nyingine, kwenye majani ya juu, njano imekuwa ya kahawia. Wanasayansi wamezichunguza chembe za rangi hiyo na sababu inajulikana: ni njano ya kadimiamu, iliyotengenezwa kwa kuunganisha kadimiamu na salfa, na zile za wakati huo nyingi hazikutengenezwa kwa ustadi. Mwanga na unyevunyevu wa hewa huisaidia oksijeni kuigeuza, kidogo kidogo, kuwa chumvi nyeupe. Barnes alikataza picha isisogezwe, lakini mwanga haukusoma masharti.

Usijaribu kupaka njano mpya juu ya ile ya zamani kabla hujajua kilichoiua. Ukuta wenu unatazama magharibi? Basi ni jua la alasiri, na unyevu unaopanda kutoka chini kama hamkupiga lipu vizuri. Fanya hivi na wanafunzi wako. Chukueni ubao, pakeni mistari ya kila njano mnayoweza kuipata dukani: ya maji, ya mafuta, ya bei nafuu na ya bei ghali, na kando ya kila mstari mwandike jina la kopo na tarehe. Funikeni nusu ya ubao kwa kadibodi iliyobanwa vizuri na karatasi ya nailoni juu yake. Muutundike kwenye ukuta uleule, Januari, muuache upigwe na jua la kiangazi na mvua za masika zinazofuata. Kisha fungueni kadibodi mkiwa wote mmesimama pale, mlinganishe nusu kwa nusu, na uniandikie njano ipi imebaki.